Mgeni, Reli na Gunia la Mpunga

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Muhula huu, katika somo la Uraia, mwalimu wetu alituuliza swali hili: Utandawazi umebadili vipi siasa ya nchi yetu na mataifa ya nje, usalama wetu, na mambo ya wageni wanaoingia nchini? Darasa zima lilinyamaza. Mwenzangu mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hayo ni mambo ya Dodoma na Dar es Salaam, wala hayahusu watu wa Ifakara. Nami nilidhani hivyo hivyo. Lakini usiku ule, tulipokuwa katika masomo ya jioni, gari moshi la TAZARA lilipita likipiga honi, nikaona kwamba jibu limekuwa likipita katika bonde letu tangu kabla sijazaliwa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Yafaa kwanza tulielewe neno lenyewe. Utandawazi ni kufungamana kwa nchi za dunia kwa biashara, fedha, habari na safari, hata jambo lililoamuliwa mbali sana likagusa chungu cha mtu wa hapa. Neno ni jipya, lakini jambo si jipya. Wazee wetu walikuwa na mithali mbili juu yake. Ya kwanza ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili ni "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Nataka kuonyesha kwamba nchi hutumia mithali hizi zote mbili, na kwamba taabu huanza inapoisahau mojawapo.

Nianze na siasa ya nje. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na jirani yetu Zambia mwaka 1964. Zambia ina shaba nyingi lakini haina bahari, na njia yake kubwa ya kufikia bandari ilipita Rodeshia ya Kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rodeshia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru ili Waafrika wasitawale. Zambia ikawa kama mtu ambaye mlango wake mmoja umeshikwa na adui. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya jambo hilo, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Kwa nchi changa na maskini, hiyo haikuwa hasara ndogo.

Basi ilihitajika reli kutoka Zambia hadi Dar es Salaam. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilipoulizwa, zilisema reli hiyo haitaleta faida. Mwalimu Nyerere alikwenda Uchina mwezi wa Februari 1965, na mwezi wa Septemba 1967 mapatano ya nchi tatu yalitiwa sahihi mjini Peking. Uchina ilitoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi mwezi wa Julai 1976. Wakati huo huo Wamarekani walisaidia kujenga barabara kuu ya kwenda Zambia, na Waitaliani wakajenga bomba la mafuta lililofunguliwa mwaka 1968. Hapo twaona maana ya siasa ya kutofungamana na upande wowote. Hatukukataa wageni; tulikataa kuchaguliwa rafiki. Nasi tulilipa wema kwa wema: tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuirudishia Uchina kiti chake, Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliotetea jambo hilo kwa nguvu.

Babu yangu alikuwa kibarua katika ujenzi huo, upande wa Mlimba. Kutoka pale reli huanza kupanda milima kuelekea Makambako, na ndiko madaraja na mahandaki yalikokuwa mengi. Babu husema, "Mchina hakukaa kivulini akituamuru. Alishika sululu, akala vumbi kama sisi." Wachina waliishi katika kambi zao, wakalima bustani za mboga, na kazi ilipokwisha wengi wao walirudi kwao. Lakini hawakurudi wote. Zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na Gongo la Mboto, Dar es Salaam, pana makaburi yao. Kila ninaposikia watu wakibishana juu ya wageni, hukumbuka kwamba hawa walikuja kwa mapatano, tukijua wanafanya nini na wataondoka lini. Walikuwa wageni waliokuja na jembe lao.

Tena hapa Ifakara tuna mfano mwingine. Mwaka 1957 Waswisi walifungua hapa maabara ndogo ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Leo maabara hiyo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayoongozwa na Watanzania, na uchunguzi wake wa mbu na malaria wajulikana duniani kote. Mgeni alikuja, mwenyeji akajifunza kazi, kisha akashika usukani.

Sasa nije kwenye usalama. Reli hii haikuwa ya biashara tu. Ilikuwa silaha isiyo na risasi. Ian Smith alipoufunga mpaka wake na Zambia mwezi wa Januari 1973, Zambia haikupiga magoti, kwa kuwa njia ya Dar es Salaam ilikuwapo na reli ilikuwa ikijengwa. Lakini kuwasaidia wengine kulituletea hatari. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa mjini humo tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilicholetwa kama kifurushi. Katika mkoa wetu wa Morogoro, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa ardhi Mazimbu, wakajenga shule. Wakati ule adui alijulikana: alikuwa na bendera, na alikaa ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Siku hizi adui hana bendera. Tangu Oktoba 2017 kuna vita katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, vya watu waliounganishwa na wenzao wa mbali kwa fedha na kwa habari za simu. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoa wa Mtwara. Mwaka uliofuata askari wetu walikwenda Msumbiji pamoja na majeshi ya nchi nyingine za SADC. Yaani Ruvuma ile ile tuliyoivusha misaada ya uhuru, leo twailinda kwa namna nyingine. Simu iliyomo mfukoni huleta bei ya mchele, nayo huweza kuleta sumu. Serikali haiwezi kufunga moja bila kugusa nyingine, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Jambo la tatu ni wageni wanaoingia. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, wakaja Tanzania. Serikali iliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakalima. Hawa walipewa jembe kwa maana ya jembe kweli. Mwaka 2014 wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Ni nchi chache duniani zilizofanya jambo la namna hiyo kwa mara moja.

Lakini si kila mgeni hutaka kukaa. Vijana wengi wa Ethiopia hupita nchini mwetu kwa siri, wakitafuta kazi Afrika Kusini. Mwezi wa Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa, wakiwa wamesafirishwa katika lori, mkoani Dodoma. Walikosa hewa. Yawezekana baadhi yao walikuwa na umri kama wangu. Sheria yasema wameingia bila kibali, na ni kweli. Hata hivyo, mimi siwezi kumwita mhalifu kijana aliyekufa akitafuta kazi. Wahalifu wakubwa ni wale waliopokea nauli yake.

Sasa nirudi nyumbani, maana jambo hili limefika katika shamba la baba yangu. Sisi ni wakulima wa mpunga. Mavuno ndiyo nauli yangu ya kuja shuleni, ndiyo sabuni, ndiyo madaftari. Msimu mmoja alikuja mnunuzi kutoka nchi jirani, akiongozwa na dalali, akanunua mpunga pale pale shambani na kulipa taslimu, tena bila kudai lumbesa. Bei yake ilipita ya wanunuzi wa mjini. Tulifurahi sana. Msimu uliofuata mwingine alichukua magunia ya jirani yetu kwa ahadi ya kulipa baada ya wiki mbili. Hajaonekana mpaka leo.

Mwezi wa Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Wafanyabiashara wa Kenya walilalamika, wakisema sisi sote tu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu mwaka 2010 ina soko la pamoja. Hapa nyumbani baba na baba mdogo walibishana mpaka usiku.

"Anayenipa bei nzuri simwulizi pasi yake," alisema baba. "Wanunuzi wakipungua, wa mjini watanipangia bei watakayo."

Baba mdogo akamjibu, "Na yule aliyeondoka na magunia ya jirani, utamfuata kwao? Mgeni na anunue sokoni, mbele ya mizani na mashahidi."

Niliwasikiliza, nikaona kwamba kila mmoja ana nusu ya ukweli. Baba ameshika mithali ya "mgeni njoo", na baba mdogo ameshika ya "mpe jembe". Wala tusisahau kwamba mlango ukifungwa huku, waweza kufungwa kule. Mwezi wa Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao kutoka nje, mchele ukiwamo. Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini. Siku chache baadaye, mazungumzo yalipoanza, katazo letu likaondolewa. Hiyo ndiyo siasa ya nje ya siku hizi: mabalozi hujadili mchele na ndizi kama walivyojadili zamani ukombozi. Nchi yetu yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2001, ilipotangaza sera mpya ya mambo ya nje inayotanguliza uchumi.

Kwa maoni yangu, amri ya kuwaondoa wanunuzi shambani haitoshi peke yake. Kama mgeni atakiwa kununua sokoni, basi mkulima wa kijijini apate soko la karibu, ghala, na mizani ya haki. Bila hivyo tutakuwa tumemwondoa mnunuzi mgeni na kumwachia mkulima mlanguzi mwenyeji, na gunia la lumbesa huumiza vile vile hata likishonwa na ndugu.

Nimalizie na gari moshi lililonifundisha somo hili. Kwa miaka mingi TAZARA imekuwa dhaifu. Mwezi wa Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano na kampuni ya Kichina ili kuifufua na kuiendesha kwa miaka 30, kwa dola za Marekani bilioni 1.4 hivi. Upande wa pili wa Afrika, Marekani na nchi za Ulaya zinasaidia reli ya Lobito, huko Angola. Wote wanaitaka shaba ile ile. Mataifa makubwa yameanza tena kushindania njia, na njia moja yapita hapa kwetu.

Mwaka 1967 tulijua tunachotaka, ndipo tukamwita mgeni. Leo mgeni ameshabisha hodi. Yatupasa kuuliza mapema: Je, treni hizo zitasimama Mbingu, Mngeta na Chita kuchukua mpunga, au zitapita na shaba tu? Vijana wetu watajifunza kuzitengeneza, kama Waswisi walivyotufundisha maabara? Miaka 30 ikiisha, mimi nitakuwa mtu wa miaka 47 hivi. Babu aliposhika sululu hakuulizwa lolote, maana hakuwa amesoma. Sisi tumesoma, kwa hiyo hatuna udhuru wa kunyamaza darasani.