Istilahi za Utawala kama Ushahidi wa Historia: Mifano kutoka Arusha na Meru kwa Watahiniwa wa Utumishi wa Umma

1.0 Utangulizi

Wahitimu wengi wa vyuo nchini Tanzania hujiandaa kwa usaili wa kuandika unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Miongoni mwa mambo wanayojisomea ni historia ya mabadiliko ya utawala na sera. Sehemu kubwa ya maandalizi hayo hutegemea mihtasari, maarufu kwa jina la "madesa", ambayo huigeuza historia hiyo kuwa orodha ya miaka: 1926, 1967, 1972, 1982, 1998. Orodha ya namna hiyo ina manufaa yake. Hata hivyo, ina kasoro moja kubwa: huchukulia kwamba maneno kama vile mamlaka, kiongozi, madaraka na mkurugenzi yamekuwa na maana ileile katika vipindi vyote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi za utawala zenyewe ni ushahidi wa historia, na kwamba umbo la istilahi huweza kumwongoza mtahiniwa kwenye swali la msingi: madaraka yalitoka kwa nani, na yalikwenda kwa nani? Mifano imechukuliwa kutoka Arusha na maeneo ya Mlima Meru, mahali ambapo hatua kadhaa za historia hiyo zilitukia.

2.0 Utata wa "Mamlaka ya Wenyeji"

Mwaka 1926, wakati Donald Cameron alipokuwa Gavana wa Tanganyika, serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowapa machifu na mabaraza yao nafasi rasmi katika utawala. Vyombo hivyo hutajwa kwa Kiswahili kuwa "mamlaka ya wenyeji". Kisarufi, kirai hiki kina utata. Kihusishi -a unganifu huweza kuonyesha umilikaji, yaani mamlaka waliyo nayo wenyeji. Pia huweza kuonyesha mtendwa, yaani mamlaka yanayotumika juu ya wenyeji. Mtahiniwa anayeichukua maana ya kwanza bila kuihoji hufikia hitimisho kwamba serikali za mitaa, kwa maana ya wananchi kujiamulia mambo yao, zilianza mwaka 1926.

Matukio ya Meru yanalipinga hitimisho hilo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, ili ardhi hiyo itumiwe na walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Wameru walikataa kuhama, lakini kukataa kwao hakukubadili uamuzi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Kama wenyeji wangekuwa na mamlaka juu ya jambo zito kuliko yote kwao, yaani ardhi, wasingelazimika kuvuka bahari kuyatafuta. Ni dhahiri basi kwamba maana ya pili ndiyo iliyotawala.

3.0 "Kiongozi" na "Mtumishi"

Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU katika kikao kilichofanyika Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na kutangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Watahiniwa wengi hulikumbuka kwa utaifishaji wa njia kuu za uchumi. Sehemu inayomhusu zaidi mtumishi wa umma ni ile ya masharti ya uongozi, ambayo baadaye yalizoeleka kwa jina la miiko. Humo neno "kiongozi" lilipewa upeo mpana: halikuishia kwa mawaziri na wabunge, bali liliwajumuisha pia watumishi wa serikali wa ngazi ya juu na ya kati. Kwa hiyo, katika lugha ya mwaka 1967, ofisa wa kada ya kati alikuwa kiongozi, na alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba ya kupangisha.

Masharti hayo yalilegezwa na chama mwaka 1991, katika uamuzi unaojulikana kama Azimio la Zanzibar. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilileta njia nyingine ya kufasili: kiongozi wa umma ni yule ambaye cheo chake kimetajwa katika sheria. Neno ni lilelile, lakini wanaohusika si walewale, na chimbuko la wajibu wao limehama kutoka chama hadi sheria ya nchi. Mtahiniwa anayeulizwa kulinganisha maadili ya vipindi hivyo viwili hana budi kuanza na upeo wa neno hilo.

4.0 "Mikoani" na "kwa Wananchi"

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa mwaka 1972. Katika maandishi ya Kiingereza, mabadiliko ya mwaka 1972 na yale yaliyoanza mwaka 1998 huitwa kwa istilahi moja, "decentralization". Anayejisomea kwa Kiingereza peke yake huweza kudhani kwamba la pili ni marudio ya la kwanza. Kiswahili kiliyatofautisha. Yale ya 1972 yaliitwa "Madaraka Mikoani". Kiambishi -ni ni cha mahali: kinaeleza madaraka yalipopelekwa, lakini hakisemi yalikabidhiwa kwa nani. Ndivyo ilivyokuwa. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, zile za mijini zikafuata, na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani, wakiwemo wakurugenzi wa maendeleo. Madaraka yalihama mahali, hayakuhama mikono.

Halmashauri zilirejeshwa kwa sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982, na zikaanza tena kazi mwaka 1984. Katika mwaka huohuo marekebisho ya Katiba yaliingiza ibara ya 145 na ya 146, ambazo zinataja madhumuni ya serikali za mitaa kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hapa kiambishi cha mahali kimeachwa, na mahali pake pamechukuliwa na "kwa" inayofuatwa na nomino ya watu. Sera ya mwaka 1998 iliendeleza mwelekeo huo chini ya istilahi "ugatuaji wa madaraka". Nchini Kenya neno la karibu nalo, "ugatuzi", limetumika kwa mfumo wa kaunti 47 ulioletwa na Katiba ya mwaka 2010.

5.0 Mipaka ya Ushahidi wa Lugha

Yaweza kudaiwa kwamba majina ya sera ni kaulimbiu tu. Hoja hii ina uzito. Umbo la istilahi huibua swali. Jibu hutafutwa katika sheria na utekelezaji. Neno "mkurugenzi" ni mfano mzuri. Mkurugenzi wa maendeleo wa miaka ya 1970 alikuwa ofisa wa serikali kuu pasipokuwa na halmashauri. Mkurugenzi mtendaji wa leo anaitumikia halmashauri yenye madiwani waliochaguliwa, ingawa yeye mwenyewe huteuliwa na Rais. Jina "ugatuaji" pekee halitoshi kuueleza uhusiano huo wa pande mbili.

Vivyo hivyo, "wilaya" na "halmashauri ya wilaya" si kitu kimoja. Wilaya ya Arumeru ina mkuu wa wilaya mmoja, lakini ndani yake mna halmashauri mbili: ya Wilaya ya Meru, yenye makao yake Usa River, na ya Wilaya ya Arusha. Hiyo ya pili, licha ya jina lake, haimo katika Wilaya ya Arusha, ambako kuna Halmashauri ya Jiji. Anayezichanganya ngazi hizi katika karatasi ya usaili hupoteza alama. Akizichanganya akiwa kazini, huweza kumpeleka mwananchi wa Ngarenanyuki kwenye ofisi isiyo na uwezo wa kumsaidia.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tofauti kati ya "mamlaka ya wenyeji", "madaraka mikoani" na "madaraka kwa wananchi" ni tofauti ya historia kabla ya kuwa tofauti ya maneno. Inafaa mtahiniwa, kwa kila mwaka anaoukariri, aandike pia istilahi iliyotumika wakati huo, upeo wake kisheria, na mtu au chombo kilichopata au kupoteza uwezo wa kuamua. Kwa idara za Kiswahili, hii ni kazi inayostahili kufanywa pamoja na wanahistoria na wanasheria, kwani watakaofaulu usaili huo ndio watakaoyatumia maneno haya mbele ya wananchi.