Ampeg SVT: Jina Moja, Mashine Tofauti! Usiuziwe Mbuzi kwa Gunia

Kama unapiga besi kanisani ama kwa bendi, hili jina SVT umeliskia. Shida ni kwamba msee akikuambia anauza "SVT, wati 300", bado hajakuambia kitu. Ziko kadhaa, na ukikosea hapo doh imeenda.

Tuanze na mzae mwenyewe. Ampeg waliitoa huko Marekani 1969, na mwaka huo huo Rolling Stones wakapiga nayo ziara. Ndani kulikuwa na tyubu 14, zile chupa za kioo zinazong'aa kama balbu, na nguvu ya wati 300. Kichwa chake pekee kinakaribia kilo 40. Boksi lake lina spika 8 za inchi 10, na wasee huliita friji. Ukilipandisha ngazi siku moja utaelewa mbona.

Raha ya tyubu ni hii: ukiisukuma, sauti haipasuki ghafla. Inajibana, inakwaruza pole pole, besi inanona. Lakini tyubu huisha na kuzibadilisha si bei ya jioni. Pia usiwahi kupiga kama haijaunganishwa na spika, unaweza kuchoma transfoma.

Sasa tuangalie wajukuu.

SVT-CL na SVT-VR ndizo zimefanana na mzae zaidi. Ni tyubu mwanzo mwisho, wati 300, na mgongo wako bado utalia.

SVT-3PRO ni chotara. Tyubu ziko mbele zikipika ladha, halafu transista zinasukuma nguvu, wati 450. Ni nyepesi sana kuliko mzae.

Micro-VR ndiyo hudanganya wengi. Imevaa nguo za mzae, lakini ndani hakuna tyubu hata moja. Ni wati 200. Kwa mazoezi na shoo ndogo iko fiti, bora usilipe bei ya tyubu.

Halafu kuna Venture V3, pia ya Ampeg. Haiitwi SVT, lakini ni wati 300 vilevile, kwa teknolojia ya Klasi D. Unaibeba kwa mkono mmoja na kudandia mat bila kulipia kiti cha pili.

Kwa hivyo wati 300 si wati 300? Kwa karatasi zinatoshana. Kwa masikio, ya tyubu ikisukumwa huskika kubwa zaidi, juu hiyo kukwaruza inaficha mwisho wa nguvu yake.

Kabla utume pesa, itisha picha ya nyuma, soma modeli, angalia omu zinaingiliana na spika zako, kisha iwashe uiskize dakika kadhaa. Na ujiulize: kila Jumapili, nani atabeba? Kama besi yako huenda moja kwa moja kwa mikseni ya kanisa, friji ni ya nini, buda?