Gome la Mkoko Mbele ya Bakteria

Mvuvi aliyechanwa mguu na tumbawe na mama mwenye mtoto anayeharisha huenda wakatafuta dawa kwenye mikoko ileile, kati ya mdomo wa mto Ruvuma na Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Maabara inampa mvuvi matumaini makubwa kuliko mama.

Majaribio ya miaka mingi, Afrika na kwingineko, yameonyesha kuwa dawa za mimea kwa kawaida huwazuia bakteria wa majipu na vidonda, kama Staphylococcus aureus, kwa urahisi kuliko wale wa tumboni kama Escherichia coli. Hawa wa tumboni wamejivika utando wa pili kwa nje, na dawa nyingi za miti hukwama hapo.

Katika majaribio hayo, bakteria hupandwa katika kisahani chenye agari, ute ulioganda utokanao na mwani mwekundu, kisha juu yake huwekwa kikaratasi kilicholoweshwa dawa. Kesho yake, dawa ikiwa imefanya kazi, huonekana duara tupu. Linapendeza, ila halitoshi: upana wake hutegemea pia jinsi dawa inavyosambaa ndani ya agari. Kwa hiyo watafiti huizimua dawa nusu kwa nusu mpaka wajue kiasi kidogo kabisa kinachozuia.

Mimi huuliza kwanza: gome limelowekwa katika nini? Maabara nyingi hutumia methanoli. Nyumbani ni maji ya moto, na kilichotolewa na methanoli huenda kisitoke kabisa sufuriani. Tena gome la mkoko limejaa tanini, ile inayokaza ngozi. Tanini hushika protini, iwe ya bakteria au ya mtu, hivyo yaweza kung'ara kisahanini bila kuwa dawa ya kunywa.

Hata hivyo, kupima kuna maana hapa. Vita vilivyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 vimeharibu vituo vya afya, na kwa familia nyingi dawa ya karibu ni ya mti. Lakini kipindupindu, kama kilichozuka katika mji wa Pemba, mkoani humo, baada ya Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, huua kwa kumkausha mtu maji na chumvi. Mama aanze na maji ya chumvi na sukari, asingoje gome lichemke, na ampeleke mtoto kituoni. Mvuvi aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni; kikivimba au homa ikipanda, naye aende.

Mwanafunzi wa Palma, kwenye pwani hiyohiyo, aweza kuanza utafiti leo, kwa daftari tu. Akae na mganga, kwa ridhaa yake, aandike: mti gani, gome au mzizi, maji kiasi gani, kwa ugonjwa upi, na jina la aliyemfundisha.