Bunduki Hodari Haipimwi kwa Matundu Matatu



Majuma machache yaliyopita mzee mmoja, jirani yangu, mstaafu ambaye tangu ujana wake huenda porini kwa leseni halali kila msimu wa uwindaji unapofunguliwa, alinijia nyumbani na kipande cha karatasi ngumu mkononi. Karatasi ile ilikuwa na matundu matatu, yamekaribiana kiasi kwamba ukubwa wa sarafu ungetosha kuyafunika. Aliipewa dukani, akaambiwa kwamba hivyo ndivyo bunduki ile ilivyopiga kiwandani kwa umbali wa meta 100. Bei yake ilikuwa karibu maradufu ya bei ya bunduki nyingine iliyosimama kando yake.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe kazi yako ni kuuliza watu maswali. Karatasi hii inasema kweli?"

Nikamjibu, "Mzee, inasema kweli, lakini haisemi kweli yote."

Wengi wetu tunaokaa mijini hatutanunua bunduki maishani mwetu. Hata hivyo swali la mzee yule lina uzito. Mnyama aliyepigwa vibaya hafi pale pale. Hukimbia na jeraha lake akafa kwa mateso kichakani. Na akiwa ni nyati, hugeuka akavizia njia aliyopita, na wa kwanza kukutana naye mara nyingi si yule aliyefyatua risasi. Ni mfuata nyayo, kijana wa kijijini aliyetangulia mbele akiangalia damu majanini. Kwa hiyo usahihi wa bunduki si jambo la kujigamba nalo barazani. Ni roho za watu na wanyama.

Sasa, bunduki kuwa sahihi maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba risasi ya pili inakwenda ilikokwenda ya kwanza, na ya tatu vivyo hivyo. Wapigaji shabaha hupima kundi la matundu, kutoka tundu la pembeni kabisa hadi jingine lililo mbali nalo. Kipimo wanachokitumia ni dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja katika 60 ya digrii. Kwa umbali wa meta 100, dakika hiyo ni kama milimeta 29. Bunduki ya kiwandani inayoweka risasi zake ndani ya kipimo hicho husifiwa sana.

Lakini je, tumepiga risasi ngapi? Hapo ndipo penye siri ya karatasi ya mzee. Hesabu za uwezekano zinaonyesha kwamba bunduki ambayo kwa wastani hutoa kundi la milimeta 25 kwa risasi 3, bunduki hiyo hiyo, bila kuharibika chochote, itatoa kama milimeta 32 kwa risasi 5, na kama milimeta 40 kwa risasi 10. Kadiri unavyopiga zaidi, ndivyo unavyoijua tabia yake halisi. Risasi tatu zinaweza kukaribiana kwa bahati tu, na muuzaji hakuonyeshi makundi mengine yaliyopigwa siku hiyo.

Tuje kwenye bunduki yenyewe. Zipo sehemu nne za kutazama. Ya kwanza ni mtutu. Ndani yake mna mifereji inayozunguka, nayo huipa risasi mzunguko ili isiyumbe hewani. Mtutu ukichongwa vizuri na ncha yake ikiwa haina mkwaruzo, kazi kubwa imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa, itazame ncha ile kwa makini. Ya pili ni jinsi mtutu unavyoshikana na komeo linaloifunga risasi. Vikikaa katika mstari mmoja, risasi huanza safari yake ikiwa imenyooka. Ya tatu ni kitako. Kitako cha mbao hunywa unyevu wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, na kikijipinda kikausukuma mtutu upande mmoja, shabaha nayo huhama. Ndiyo maana viwanda vingi siku hizi huacha nafasi kati ya mtutu na kitako. Chukua noti, ipitishe chini ya mtutu kutoka mbele. Kama nafasi imeachwa na noti ikakwama njiani, uliza kwa nini.

Ya nne ni kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga. Bunduki ya kuwindia huwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Kama kifyatulio nacho kinataka nguvu ya kilo tatu, kidole kitaiyumbisha bunduki kabla risasi haijatoka. Wawindaji wengi hupendelea kama kilo moja na nusu, kikatike ghafla bila kukwaruza. Lakini wepesi usizidi usalama. Mwaka 1962 kampuni ya Remington ya Marekani ilitoa bunduki yake ya Model 700, ambayo ilikuja kusifiwa sana kwa usahihi. Mwaka 2014 kampuni hiyo hiyo iliwaita wenye Model 700 zenye kifyatulio cha aina ya X-Mark Pro wazirudishe, kwa sababu zingeweza kulia zenyewe. Jina kubwa, ndugu msikilizaji, si kinga.

Na bei kubwa je? Historia ya viwanda inatufundisha kitu hapa. Mwaka 1958 kampuni ya Savage, ya Marekani pia, ilitoa bunduki ya Model 110. Mtutu wake ulifungwa kwa nati kubwa, hata fundi akaweza kuupima na kuukaza barabara bila kazi ndefu ya mkono. Nia ilikuwa kupunguza gharama, lakini njia hiyo ilisaidia pia usahihi, na bunduki ile ya bei ya chini ikapiga vizuri kuliko nyingi zilizoipita kwa bei na urembo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hiyo ikatoa kifyatulio ambacho mnunuzi anaweza kukirekebisha mwenyewe, na wengine wakafuata mkondo huo. Mwaka 2003 kule Finland ikatoka Tikka T3, bunduki isiyo na nakshi, nayo ikajipatia jina kwa kupiga vizuri ilivyotoka kiwandani.

Kinyume chake ni kisa cha Winchester Model 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1936. Mwaka 1964 kampuni ilibadili utengenezaji ili kupunguza gharama. Moja ya vitu vilivyoondolewa ni ile kucha pana ya kushika ganda la risasi, iliyotokana na bunduki ya Mjerumani Mauser ya mwaka 1898. Wawindaji wakanung'unika, na mpaka leo zile za kabla ya 1964 huuzwa ghali zaidi. Katika miaka ya 1990 kampuni ikairudisha kucha ile. Malalamiko yao makubwa yalihusu kuaminika, zaidi ya ukubwa wa kundi la matundu. Mwindaji aliyesimama mbele ya nyati anataka ganda litoke na risasi ya pili iingie, kila mara, bila kukwama.

Hapa inabidi tutofautishe mawindo. Anayewinda swala kwa meta 150 anahitaji risasi ifike mahali penye moyo na mapafu, eneo lisilozidi sana sahani ya chai. Bunduki ya dakika moja na nusu inamtosha kabisa. Anayekwenda kwa nyati hupiga kwa umbali mfupi zaidi, na kwake uzito wa risasi na kuaminika kwa komeo ni bora kuliko milimeta 5 za karatasi. Ndiyo maana risasi ya .375 ya Holland & Holland ya London, iliyotoka mwaka 1912, bado inaheshimiwa katika mapori ya Afrika baada ya zaidi ya miaka 100.

Jambo jingine linalosahauliwa ni risasi zenyewe. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Moja itapiga vizuri kwa risasi nyepesi, nyingine itazitawanya kama mahindi ya kuku. Dawa yake ni kujaribu aina tatu au nne, kisha kushika ile inayofaa. Na uchague ukubwa wa risasi unaopatikana madukani mwako. Bunduki hodari isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali.

Aidha, darubini iliyofungwa kwa skrubu zilizolegea huharibu sifa ya bunduki yoyote. Katika safari za uwindaji hapa Tanzania, wawindaji wa kitaalamu humtaka mgeni apige shabaha ya karatasi kwanza kabla ya kwenda mawindoni. Wanajua kwamba ndege na barabara mbovu huihamisha darubini. Na huwa wanaitazama sana risasi ile ya kwanza, iliyotoka katika mtutu uliopoa. Porini hakuna meza, hakuna mfuko wa mchanga wa kuegemeza, na mnyama hakusubiri upige tatu za majaribio.

Basi nilimshauri mzee hivi. Asinunue karatasi, anunue bunduki. Aipandishe begani akiwa amefumba macho, kisha ayafumbue aone kama jicho limeangukia katikati ya darubini. Aangalie ncha ya mtutu, kitako na kifyatulio. Fedha atakayobakiza kwa kuchukua ile ya bei nafuu aitie katika darubini imara na katika risasi za kufanyia mazoezi. Kisha, katika uwanja unaoruhusiwa, kila siku atakayokwenda apige risasi moja tu mtutu ukiwa umepoa, aihifadhi karatasi ile ile, na arudie hivyo kwa siku kumi. Matundu kumi yale ndiyo yatakayomwambia ukweli, wa bunduki na wake yeye mwenyewe.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe umbali wangu si ule bunduki inaouweza. Ni ule ninaouweza mimi."

Nami sina la kuongeza juu ya hilo. Mwindaji aijuaye mipaka yake huishusha bunduki akamwacha mnyama aende zake, na kijana mfuata nyayo akarudi kwao jioni akiwa salama.