Unajifunza programu Ngara au Biharamulo? Usilipie edita kwanza

Una kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4, bando la wiki na hamu ya kutengeneza tovuti yako ya kwanza. Iwe uko Ngara mjini, Rulenge, Biharamulo au Nyakanazi, swali ni lilelile: ununue edita, yaani programu ya kuandikia msimbo, au utumie ya bure?

Jibu fupi: anza na ya bure.

Kwa nini?

Msimbo ni maandishi ya kawaida. Faili la HTML au Python uliloandika kwenye edita ya bure linafanya kazi sawasawa na la kwenye edita ya kulipia. Unacholipia ni wepesi wa kazi: kuonyeshwa makosa, kukamilishiwa maneno na kupanga mradi mkubwa.

Za bure ni zipi?

Ipo Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015. Kuipakua ni chini ya MB 200. Kompyuta ikilemewa, jaribu Notepad++, ambayo haifiki MB 10, ila ni ya Windows tu. Huna kompyuta? Acode inafanya kazi kwenye simu ya Android. Ukishazisakinisha, unaandika hata bando likiisha.

Za bure nazo zinaweza kufungwa. Atom ya GitHub ilisitishwa Desemba 2022. Walioitumia walihamia nyingine, na faili zao zikabaki salama.

Za kulipia je?

Leseni ya Sublime Text ni dola 99. Ukipiga kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 247,500. Unalipa mara moja, na unapata matoleo mapya kwa miaka 3. Unaruhusiwa pia kuijaribu bila kikomo cha siku. Itakukumbusha tu kununua.

WebStorm ya JetBrains hulipiwa kwa mwezi au mwaka, lakini tangu Oktoba 2024 ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Angalia hapo: ukianza kumtengenezea mteja tovuti kwa hela, ruhusa hiyo haikuhusu tena. Pia ni nzito kwa kompyuta ya GB 4.

Vipi ile ya kwenye flashi?

Kuna mtu atakwambia anayo ya kulipia, imeshakrakiwa, chomeka tu flashi. Kataa. Kopi za namna hiyo zinaweza kubeba virusi vinavyoiba nywila au kufunga mafaili yako yote. Kwa nini uhatarishe kazi ya miezi wakati ya bure na halali ipo? Pakua kwenye tovuti ya wenyewe.

Lini ulipie?

Ukishakuwa na wateja wanaolipa, na ukiona kabisa kuwa edita hiyo inakuokolea saa kadhaa kila wiki. Kabla ya hapo, hela hiyo itakusaidia zaidi ukiongeza RAM ifike GB 8, ukibadilisha betri iliyochoka na kununua bando la kujifunzia.

Mwenye gesti Nyakanazi hatauliza tovuti yake umeiandikia wapi. Ataifungua kwenye simu yake aone kama inafanya kazi.