Kutumwa na Kukabidhiwa: Kazi za Nyumbani na Malezi ya Mtoto

Ninyi mlioko Mtwara mjini na Mikindani, mlioko Msimbati, Madimba na Msanga Mkuu, na ninyi mnaotusikiliza huko Kilambo karibu na mto Ruvuma, nawasalimu nyote. Wenye daftari wawe nazo karibu. Asiyejua kuandika asiwe na wasiwasi, maana somo la leo ni la kuzungumza.

Leo nataka tuzungumze habari za watoto na kazi za nyumbani. Najua wako watakaosema, "Ah, bwana elimu, hapo watufundisha nini? Watoto wetu wanafanya kazi tangu enzi za babu zetu." Ni kweli. Huku kwetu pwani mtoto wa miaka sita hutumwa dukani, wa miaka minane hufagia uwanja, wa miaka kumi huteka maji. Basi sikuja kuwaambia mwape watoto kazi. Nimekuja na swali jingine: je, kazi hizo zinawafanya wawe watu wa kutegemewa, au zinawazoeza kungoja kutumwa?

Tazameni tofauti yake. Mama amwambia binti yake, "Mwanangu, kafagie." Binti anafagia. Kesho mama asiposema, uwanja unalala na majani ya mwembe. Hapo aliyeziona taka ni mama, aliyekumbuka ni mama, na mtoto ametoa mikono tu. Kule kukumbuka ndiko kuzito kuliko ufagio, nako kumebaki kwa mama. Huyo mtoto ametumwa. Mtoto aliyekabidhiwa kazi ni yule ambaye jambo lenyewe ni lake tangu mwanzo hata mwisho: ajua lianze lini, ajua likiharibika nini kitatokea, na watu wa nyumbani wanamtegemea yeye.

Nitatoa mfano mdogo. Siku hizi nyumba nyingi za vijijini zina taa ya sola. Bamba lake hutolewa nje asubuhi lipate jua, na jioni huingizwa ndani. Mkabidhi kazi hiyo mtoto wa miaka saba. Akisahau, usiku huohuo taa itazimika mapema, na watu watakula gizani. Hakuna atakayeumia, wala fedha haikupotea, lakini kila mtu atajua, na yeye atajua zaidi ya wote. Ndiyo maana nasema kwamba kazi ya kwanza ya kumkabidhi mtoto iwe ile ambayo hasara yake ni ndogo na huonekana upesi. Kadiri anavyokua, mpandishe apate kazi yenye hasara kubwa zaidi. Umri peke yake haukuambii kitu. Nimeona watoto wa miaka tisa wanaotegemeka kuliko kaka zao wa miaka kumi na mitano.

Sasa niwape kisa changu mwenyewe, msije mkadhani kwamba mwalimu hakosei. Mwanangu wa kiume alipokuwa na miaka minane nilimkabidhi banda la kuku. Kila jioni awahesabu na kufunga mlango. Majuma mawili alifanya vizuri sana, kisha akaanza kusahau. Nami kila usiku kabla ya kulala nilipita nikafunga mwenyewe, kimya kimya, nikijiona baba mwema. Baadaye nikasafiri kikazi siku tatu. Usiku wa pili kicheche aliingia bandani akaua mitetea minne. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyokuwa yakitununulia sabuni na mafuta ya taa. Niliporudi nilimkasirikia mtoto, nikapandisha sauti. Mama yake akaniambia, "Baba watoto, wewe ndiwe uliyemfundisha kwamba banda hujifunga lenyewe." Sikuwa na jibu.

Tulikaa na mtoto mchana, mambo yalipopoa, nikamweleza kosa lake na langu. Nikamwambia kuwa tangu siku ile sitafunga tena banda. Akisahau nitamwamsha, atoke kitandani na usingizi wake akafunge. Nilimwamsha mara mbili. Nakiri kwamba ile mara ya pili ilinyesha mvua, na nilitamani sana niende mimi.

Wazazi wengi huharibu mambo hapo. Mtoto akichelewa twamaliza wenyewe, kwa sababu ni upesi zaidi, au kwa sababu twaona huruma. Wengine hufanya kinyume chake: mtoto akikosea mara moja wananyang'anya kazi na kusema, "Huyu hafai." Njia zote mbili zamfundisha jambo moja, kwamba kazi ile haikuwa yake.

Iko kazi moja ya huku kwetu ambayo nataka tuitazame kwa makini, nayo ni ya unga wa muhogo. Wote mwajua kwamba muhogo mchungu una sumu. Sumu hiyo hupungua muhogo unapolowekwa au kuvundikwa na kuanikwa kwa siku za kutosha. Lakini njaa ikiingia, watu hufupisha siku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo ulitokea huku kusini mwa Tanzania, na mkoa wetu wa Mtwara ulikuwamo. Konzo hupooza miguu ghafula, wala miguu hairudii hali yake ya kwanza. Huwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, wale ambao chakula chao ni muhogo mchungu bila samaki wala kunde za kutosha.

Wataalamu walifundisha njia nyepesi ya kupunguza sumu iliyobaki katika unga. Unga hutiwa maji na kuchanganywa, kisha hutandazwa juu ya ungo au mkeka safi, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja. Huachwa juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano, ndipo husongwa ugali siku ileile. Kazi hii mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kuisimamia vizuri: kuutandaza, kuangalia saa, kufukuza kuku na mbuzi. Lakini si kazi ya kumtupia tu. Aelezwe sababu yake, naye aijue hata aweze kumweleza mwingine. Mtoto anayefikiri kwamba ni desturi tu ya mama, siku akitaka kwenda kucheza ataona saa moja yatosha. Mtoto ajuaye konzo ni nini atangoja. Na mama naye aulize kila mara, "Umeuanika saa ngapi?" kwa kuwa hasara ya kazi hii si ya kumwachia mtoto peke yake.

Tukija kwenye korosho, ziko familia ambazo humpa mtoto mkorosho mmoja uwe wake. Apalilie chini yake, na msimu ukifika, kuanzia Oktoba hivi, aokote mwenyewe baada ya shule na siku ya Jumamosi, atenganishe korosho na bibo, azianike jamvini mpaka zikauke, achague chafu na mbovu. Atajifunza mwenyewe kwamba korosho mbichi au zilizochanganyika na takataka hushushwa daraja. Mpango huu naupenda, ila una sharti moja. Fedha ikija, iwe yake kweli, hata kama ni ya daftari na viatu. Baba akiichukua na kusema "nitakurudishia", kisha asirudishe, amevunja kitu ambacho hotuba zangu zote za redioni hazitakiunga.

Lakini si kila kazi ni ya mtoto. Mafuta yaliyomo katika ganda la korosho huunguza ngozi, kwa hiyo kubangua si kazi yake. Kupuliza salfa mikoroshoni si kazi yake, maana huwasha macho na kifua. Kuteka maji peke yake kando ya Ruvuma, penye mamba, si kazi yake kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataja wajibu wa mtoto, ukiwamo wa kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia panapo haja. Na sheria hiyohiyo yakataza kumtia katika kazi inayodhuru afya yake au elimu yake. Wazazi wengine huikumbuka nusu moja tu.

Jambo la mwisho ni gumu, nami nalisema kwa heshima mbele ya wazee. Naijua nyumba moja, kijiji sikitaji. Binti huamka saa kumi na moja alfajiri, huenda kisimani mara mbili, huosha vyombo, humwogesha mdogo wake, kisha hufika shule amechelewa, akaadhibiwa. Kaka yake hulala mpaka chai iwe tayari. Binti anajifunza kwamba wajibu ni mzigo usiokuwa na mwisho, na kijana anajifunza kwamba nyumba hujiendesha. Akitoka jandoni ndiyo basi tena, ndoo haigusi, amekuwa mwanamume. Sina ugomvi na jando wala unyago. Ila nawauliza wavuvi wanaonisikiliza: mnapokwenda dago, nani huwapikia? Nani huwaoshea sufuria? Si ninyi wenyewe? Na wanaume wenu hamkuupoteza.

Wala kazi isiwe adhabu. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule, na waone faida ya jasho lao. Lakini wengi wetu tunakumbuka shamba la shule kama mahali pa kupelekwa aliyechelewa. Mtoto aliyelimishwa kwa kosa huchukia jembe, na ufagio ni vivyo hivyo.

Basi, kazi yenu ya juma hili ni hii. Chagueni kazi moja ya nyumbani yenye hasara ndogo. Mwite mtoto, wa kiume au wa kike, umweleze kazi ni ipi, wakati wake ni upi, na ikiachwa nini kitatokea. Mwulize kama ameelewa, mwache aeleze kwa maneno yake. Kisha kwa muda wa siku saba usimkumbushe, wala usimfanyie. Juma lijalo mje kwenye vikundi vyenu na majibu manne: ilikuwa kazi gani, mtoto ana umri gani, alisahau siku ya ngapi, na wewe ulifanya nini aliposahau. Hilo la nne ndilo tutakaloanza nalo. Kwa herini.