Kwa Nini Umeme Hukatika Ilhali Bwawa Limejaa

Swali hili tunaulizwa mara kwa mara, nalo ni la haki. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Iweje basi taa zififie saa mbili usiku na friji ingurume bila kugandisha?

Jibu lipo njiani. Umeme hutoka bwawani kwa msongo wa kilovolti 400 hadi Chalinze, hupozwa katika vituo mbalimbali, kisha hufika kwenye transfoma ya mtaa, inayoushusha hadi volti 230 ziingiazo nyumbani. Gridi hii haikujengwa kwa mkupuo mmoja. Sehemu zake ni za enzi za kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha mwaka 1975. Transfoma iliyofungwa kuhudumia nyumba chache zenye taa na redio leo hubebeshwa majiko ya umeme, viyoyozi na mashine za kuchomelea. Waya nao una kikomo: mkondo ukiongezeka mara mbili, nishati inayopotea kwa joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana jioni, majiko yakiwashwa kwa pamoja, nyumba za mwisho wa laini hupata umeme hafifu, hata kama bwawa limefurika.

Jirani akiwa na taa nawe huna, kasoro haipo Rufiji. Huenda fezi moja imekatika au fyuzi ya transfoma imeungua. Umeme hafifu, kwa maoni yetu, ni wa kuogopwa kuliko giza, kwa kuwa mota ya friji hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi hata ikaungua. Chomoa friji mara uonapo taa zimefifia; umeme ukitengemaa, subiri dakika chache kabla ya kuichomeka tena.

Kisha toa taarifa TANESCO, ukitaja namba ya mita na saa hitilafu ilipoanza. Omba namba ya taarifa na uitunze. Usiporidhika na hatua zilizochukuliwa, unaweza kufikisha lalamiko EWURA, na namba hiyo itathibitisha kwamba ulianza kwa mtoa huduma. Wala usimngoje jirani. Mtaa mzima huweza kukesha gizani, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha kupiga simu.